Safu ya Maduka Kando ya Nile: Uchambuzi wa Kisa cha Majengo ya Kale, Mikataba ya Ardhi na Mtaro wa Barabara

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu mji mdogo ulio kando ya Mto Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, ambao ulijaribu kuokoa safu ya maduka sita ya zamani pamoja na ghala moja la pamba wakati barabara ya lami ilipokuwa inakaribia kujengwa mbele ya milango yake. Jina la mji, majina ya koo yaliyoandikwa kwa plasta juu ya maduka, miaka kamili ya ujenzi na alama nyingine zinazoweza kumtambulisha mtu zimeachwa. Maduka yametajwa kwa shughuli iliyokuwa ikiendelea ndani yake wakati wa tukio.

Kimeandikwa kwa ajili ya maofisa wa mipango miji, madiwani, wahandisi wa wilaya na mafundi waashi, kwa sababu hao ndio wanaoamua hatima ya jengo la kale katika miji yetu, mara nyingi bila kujua kwamba wameamua.

Usuli: mji, gati na maduka

Mji huu ulizaliwa na gati. Kabla ya barabara nzuri kufika West Nile, yaani eneo hili la kaskazini magharibi, mzigo uliotoka Mombasa ulisafiri kwa reli hadi Kisumu, ukavuka Ziwa Victoria kwa meli hadi Jinja, ukapanda reli ya Busoga iliyofunguliwa mwaka 1912 hadi Namasagali, ukaingia meli nyingine iliyopita Ziwa Kyoga hadi Masindi Port, ukabebwa kwa gari hadi Butiaba kwenye Ziwa Albert, na hapo ndipo ulipopakiwa kwenye meli za mvuke zilizoshuka Nile hadi Nimule mpakani mwa Sudan. Lugard, meli yenye gurudumu la kupiga maji nyuma, ilikuwa mojawapo ya meli hizo. Zilishusha chumvi, nguo, mafuta ya taa na mabati, na ziliporudi zilibeba pamba.

Njia hiyo inaeleza kwa nini maduka yalijengwa jinsi yalivyojengwa. Mfuko wa saruji uliopakuliwa na kupakiwa mara tano ulikuwa ghali sana ulipofika, na hata Uganda yenyewe haikuwa na kiwanda cha saruji hadi kile cha Tororo kilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo wafanyabiashara wa Kihindi waliojenga safu hii katika miaka ya 1920 na 1930 walitumia saruji kwa ubahili, kwenye sakafu na sehemu chache zenye uzito. Kuta zenyewe ni za matofali ya kuchoma, yaliyofyatuliwa kwa udongo wa kando ya mto na kuunganishwa kwa udongo na chokaa, kisha zikapigwa lipu ya chokaa. Milango na kenchi za paa ni za mvule, mti ambao mchwa hauupendi. Mbele ya kila duka kuna kibaraza kilichoezekwa mabati na kushikiliwa na nguzo za chuma, na juu ya kibaraza ukuta wa mbele unapanda kuficha paa, ukiwa na mwaka wa ujenzi, jina la ukoo na mapambo madogo ya maua. Mwenye duka aliishi nyuma, uani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mvua kubwa zilipandisha maji ya maziwa yote makubwa ya Uganda, bandari ya Butiaba ikaharibiwa na mafuriko, na mwaka 1964 reli ikafika Pakwach. Mizigo ikauhama mto, ikaenda kwenye reli. Mji ukabaki na maduka mazuri yasiyo na meli, jambo ambalo, kwa kejeli ya historia, ndilo lililoyahifadhi: hapakuwa na mtu mwenye fedha za kuyabomoa ajenge ghorofa.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini. Maduka yalikabidhiwa kwa wapangaji wapya, na usimamizi wake ukawekwa chini ya Bodi ya Msimamizi wa Mali za Waasia Walioondoka. Serikali ya Amin ilipoanguka mwaka 1979, na hasa kuanzia Oktoba 1980, wakazi wengi wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire kutokana na mapigano na kisasi cha wanajeshi. Waliporudi walikuta kuta tu. Mabati yalikuwa yameng'olewa, milango mingine imetumika kama kuni, na kwenye ukuta wa mbele wa duka moja kulikuwa na matundu ya risasi yaliyopangana kwa mshazari kutoka dirishani hadi kwenye nguzo ya pili.

Baadaye, chini ya Sheria ya Mali Zilizotwaliwa ya mwaka 1982, baadhi ya wenyewe au warithi wao walirudishiwa majengo, mengi katika miaka ya 1990. Wengine hawakuwahi kudai. Kwa hiyo, kisa kilipoanza, safu iliyoonekana barabarani kama jengo moja refu ilikuwa na umiliki wa aina nne tofauti: duka la kona lilikuwa la mfanyabiashara wa hapo mjini aliyelinunua, duka la dawa, duka la mafundi cherehani na hoteli ya chai yalikuwa ya familia moja iliyonunua kutoka kwa warithi, duka la tano lilikuwa la warithi walioko Uingereza, likisimamiwa na wakala aliyeko Kampala, na duka la sita, pamoja na ghala, mkataba wake wa enzi za ukoloni ulikuwa umekwisha, ardhi ikawa mikononi mwa Bodi ya Ardhi ya Wilaya. Hakuna mtu katika halmashauri ya mji aliyekuwa na picha hii yote mezani. Ilibidi iokotwe kipande kipande, na iliokotwa kwa kuchelewa.

Matukio kwa mfuatano wake

Chanzo kilikuwa maji. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja mwezi Mei, likizidi kwa sentimita moja kiwango cha mwaka 1964, na Nile yote iliyo chini yake ikajaa. Katika mji huu maji yaliingia ghalani, yakasimama kwa majuma kadhaa, na yalipoondoka yaliacha mstari wa chumvi nyeupe ukutani. Madiwani waliokuja kutazama hasara ndio walioanza kuuliza kama majengo haya ni ya kubomolewa au ya kutunzwa.

Muda mfupi baadaye ilikuja michoro ya barabara ya lami. Barabara ya mtoni ingepanuliwa, na mtaro wa wazi wa maji ya mvua ungepita pale pale vibaraza vilipo. Kwa lugha ya mchoro vibaraza vilikuwa vizuizi vilivyo ndani ya hifadhi ya barabara, na vilitiwa alama ya msalaba mwekundu. Mhandisi hakuwa na ubaya wowote na majengo hayo. Alikuwa amepewa upana wa barabara na kina cha mtaro, akavichora.

Halmashauri iliunda kamati ndogo yenye madiwani wawili, afisa mipango miji, mwalimu mstaafu, mwakilishi wa wapangaji na fundi mwashi mkongwe. Mikutano iliendeshwa kwa Kiswahili, kwani wajumbe walitoka katika makabila yasiyoelewana kwa lugha za nyumbani, na wapangaji wengi walikuwa Wanubi. Kazi ya kwanza ya kamati ilikuwa kuorodhesha majengo, na iliifanya vizuri: kila duka lilipigwa picha, likapimwa, na wazee wakahojiwa.

Kosa lilikuja katika hatua ya pili. Kabla ya mwenye jengo yeyote kutembelewa, orodha ilisomwa katika redio ya eneo hilo, na msomaji akaongeza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna atakayeruhusiwa kugusa jengo lolote lililotajwa. Maneno hayo hayakuwa na nguvu ya sheria. Wakati huo mlinzi wa majengo ya kale alikuwa Sheria ya Kumbukumbu za Kihistoria ya mwaka 1967, iliyotaka waziri atangaze rasmi mahali panapolindwa, na hakuna jengo hata moja la safu hii lililokuwa limetangazwa. Sheria mpya ya Makumbusho na Kumbukumbu za Kale ya mwaka 2023 ilikuwa bado haijapita.

Majuma machache baadaye, usiku wa Jumamosi, duka la kona lilibomolewa mbele. Vijana walianza kwa nyundo kubwa juu, kwenye maua ya plasta, wakashuka hadi kwenye vizingiti. Jumatatu asubuhi palikuwa na rundo la matofali na milango miwili ya mvule imeegemezwa ukutani, tayari ina mnunuzi. Kibali cha kubomoa hakikuwepo.

Wajumbe wengi walitaka mwenye duka ashtakiwe. Mwanasheria wa wilaya aliwaeleza kwamba kosa pekee linaloweza kuthibitishwa ni kufanya kazi ya ujenzi bila kibali, na kwamba hukumu yake haitarudisha ukuta. Mwalimu mstaafu akapendekeza mwenye duka aitwe kwenye mkutano, asikilizwe kwanza. Alikuja, akasalimia kwa heshima, akasema: "Wazee wangu, mimi sikuwakimbia. Mkataba wangu wa ardhi ni wa miaka mitano, na unaniambia nijenge jengo la kudumu kabla haujaisha. Mlipotangaza kwamba hakuna kugusa, nikahesabu miezi iliyobaki. Nikiwasubiri ninyi, ardhi inarudi Bodini." Alitoa karatasi mfukoni, akaiweka mezani. Ilikuwa kweli.

Kikao hicho kiligeuza mwelekeo wa kazi yote. Kamati ilisimamisha matangazo, ikaenda kwenye ofisi ya ardhi, na kwa miezi kadhaa ilichofanya ni kusoma mikataba.

Maamuzi na sababu zake

*Mkataba kabla ya ukuta.* Katika miji mingi ya Uganda ardhi ya umma hupangishwa kwa mkataba wa awali wa miaka mitano wenye sharti la kujenga, na sharti likitimizwa ndipo mkataba unapoongezwa hadi miaka 49 au zaidi. Nia ya sharti hilo ni kuzuia watu kukalia viwanja bila kuviendeleza. Juu ya kiwanja chenye duka la karibu miaka mia moja, hata hivyo, sharti hilo hilo linaagiza bomoabomoa, kwa sababu fomu huuliza thamani ya jengo jipya na haina mahali pa kuandika jengo la zamani lililokarabatiwa. Kamati iliomba Bodi ya Ardhi ya Wilaya ikubali kwamba ukarabati uliothibitishwa na mhandisi wa ujenzi na afisa mipango uhesabiwe kuwa uendelezaji. Bodi ilikubali kwa duka la sita na ghala, ambavyo mikataba yake ilikuwa inaandikwa upya. Kwa mikataba iliyokwisha kusainiwa ilikataa kuigusa, na kamati haikung'ang'ania, kwa kuwa kuifungua upya kungezua madai ya wapangaji wengine wasiohusika na majengo ya kale.

*Mtaro.* Uamuzi huu ndio uliookoa vibaraza, na ulipatikana kwa mazungumzo ya kiufundi. Barabara ya mtoni ilikuwa imewekwa changarawe juu ya changarawe kwa miongo mingi, hata ikawa juu kuliko sakafu za maduka, na mvua ilipokuja maji yalishuka barabarani yakaingia ndani. Kuongeza tabaka za lami juu ya kimo hicho kungeyageuza maduka kuwa mabwawa, mtaro uwepo usiwepo. Kamati ilimwomba mhandisi achimbe shimo la majaribio mbele ya hoteli ya chai. Chini ya changarawe walikuta kingo za mawe za barabara ya awali, chini ya kizingiti cha mlango. Baada ya kuona hivyo, mhandisi mwenyewe alipendekeza tabaka za zamani ziondolewe kabla ya kuanza kazi, mtaro uhamishiwe upande wa mto na ufunikwe kwa vibamba vya zege, na vibaraza vibaki kama njia ya waenda kwa miguu. Gharama ya kuchimba ilipunguzwa na udongo uliopatikana, ambao ulitumika kujazia mahali pengine pa mradi. Upana wa barabara ulipungua kwa sehemu hiyo fupi tu.

Ubomoaji wa kibaraza uliepukwa pia kwa sababu ya kijamii. Kibaraza ndicho mahali pa fundi cherehani, muuza muda wa maongezi na mama muuza karanga. Hawana mkataba wowote, na kama kingeondoka wasingelipwa fidia. Mwakilishi wa wapangaji alilisema jambo hili mara nyingi kuliko mtu yeyote alivyotaja historia, naye alikuwa sahihi.

*Chokaa dhidi ya saruji.* Duka la dawa lilikarabatiwa mapema, kabla kamati haijaweka utaratibu, na mkandarasi aliyepiga lipu nene ya saruji juu ya kuta za zamani. Lilionekana jipya. Baada ya msimu mmoja wa mvua lipu ilianza kufura, ikatoa mlio wa uwazi ilipogongwa kwa kifundo cha kidole, kisha ikaanguka vipande vipande vikiwa vimebeba uso wa matofali nyuma yake. Sababu yake inajulikana kwa mafundi wa majengo ya kale. Matofali haya hunyonya unyevu kutoka ardhini, kwani ukuta hauna kizuizi cha maji chini yake. Lipu ya chokaa huacha unyevu huo utoke polepole, lakini saruji huufungia ndani. Unyevu ukikosa njia hupanda juu zaidi, na chumvi iliyo ndani yake huganda nyuma ya lipu, ikapasua tofali ambalo ni laini kuliko saruji iliyolivika.

Kwa duka la cherehani na hoteli ya chai kamati iliamua kurudi kwenye chokaa, na hapa ndipo fundi mwashi mkongwe alipotawala kazi. Chokaa kililetwa kutoka Tororo. Vijana wake walikizima kwa maji kwenye shimo lililozungushiwa matofali, maji yakachemka yenyewe, kisha rojo likaachwa chini ya tabaka jembamba la maji kwa majuma kadhaa hadi likawa laini kama siagi. Walichanganya rojo hilo na mchanga wa mto uliooshwa, wakapaka tabaka tatu nyembamba, na kila tabaka likatundikiwa magunia yaliyoloweshwa ili lisikauke haraka. Wapita njia walicheka magunia hayo. Ugumu wa chokaa hutokana na hewa: chokaa hufyonza kaboni dioksidi taratibu, na jua la West Nile likikikausha kabla hakijafyonza vya kutosha kitabaki unga. Mwenye majengo aliona kazi inachelewa na alilalamika kila juma, na malalamiko yake yalikuwa ya haki, kwani duka lililofungwa halilipi kodi. Kamati ilipunguza uchungu huo kwa kukarabati nusu ya duka kwanza, mpangaji akibaki kwenye nusu nyingine.

*Mabati.* Mabati ya zamani yaliyosalia kwenye vibaraza yalikuwa mazito kuliko yale ya geji 30 na 32 yanayouzwa kwa wingi sokoni leo (namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba). Yalisuguliwa kutu, yakapakwa rangi ya kinga, yakarudishwa mbele yanapoonekana. Nyuma yaliwekwa mapya ya geji 28, ambayo bei yake ni ya juu, lakini hayaharibiki upesi kwa upepo wa mtoni.

*Matundu ya risasi.* Mgogoro mkali zaidi ndani ya kamati ulihusu ukuta wa mbele wa duka la cherehani. Mjumbe mmoja alitaka matundu yaachwe wazi na bango liwekwe, ili watoto wajue yaliyopita. Mafundi cherehani, ambao baadhi yao walikimbia mji mwaka 1980 wakiwa wadogo, walikataa. Mmoja wao, Hajati mwenye umri mkubwa, aliwaambia wajumbe kwamba amekaa chini ya matundu hayo kila siku na hahitaji kukumbushwa, na kwamba wageni wanaotaka kuyaona waje wamuulize atawaeleza. Kamati iliamua yazibwe kwa chokaa, lakini kila tundu lipigwe picha na mahali pake paandikwe kwenye mchoro wa jengo unaohifadhiwa katika ofisi ya mipango. Naona uamuzi huo ulikuwa sahihi, ingawa wataalamu wengine wa uhifadhi watapinga. Ukuta ni wa watu wanaofanya kazi chini yake kabla ya kuwa wa mtalii.

*Ghala.* Pendekezo la kwanza lilikuwa kulifanya makumbusho. Wajumbe walipouliza nani atalipa mlinzi, umeme na usafi kwa miaka inayofuata, chumba kilinyamaza. Ghala lilipangishwa kwa ushirika wa wakulima kuhifadhi simsim na mihogo mikavu, kwa sharti moja lililowashangaza wengi: samaki wa chumvi wasiingizwe humo. Samaki wa chumvi ni biashara kubwa kando ya Nile na Ziwa Albert, na hulipa kodi nzuri kuliko mihogo, lakini maji ya chumvi yanayodondoka kutoka kwenye matenga hunyonywa na sakafu na kuta, na chumvi hiyo hula matofali kutoka ndani kama yale mafuriko yalivyofanya. Uendelezaji wowote upande wa mto ulizuiliwa pia na kanuni za mazingira za mwaka 2000, zinazoacha eneo la ulinzi la mita 100 kutoka kingo za Nile. Ghala lenyewe limo ndani ya eneo hilo kwa kuwa lilijengwa kabla ya kanuni, kwa hiyo kulikarabati kuliruhusika na kuliongezea vyumba hakukuruhusika.

Matokeo

Duka la kona limekwisha. Mahali pake pana jengo la zege la ghorofa moja lenye vigae mbele, na mwenyewe alipata nyongeza ya mkataba wake. Duka la cherehani na hoteli ya chai yamekarabatiwa kwa chokaa, na baada ya misimu kadhaa ya mvua lipu yake haijafura. Duka la dawa linaendelea kumwaga lipu, kwani mwenye majengo hana fedha ya kuibandua yote na kuanza upya. Duka la sita limekarabatiwa na mpangaji mpya chini ya mkataba uliorekebishwa, na ghala linatumika.

Duka la tano limefungwa. Wakala wa Kampala alijibu barua ya kwanza kwa adabu na hakujibu zilizofuata. Sehemu ya paa imeporomoka, mtini umeota kwenye ukuta wa mbele karibu na jina la ukoo, na mizizi yake imeanza kutenganisha matofali. Halmashauri inaweza kuagiza jengo la hatari liondolewe, lakini haina mfuko wa kulitengeneza kwa niaba ya mwenyewe.

Barabara ilijengwa. Vibaraza vipo, na watu hupita chini yake kivulini. Maji hayaingii tena madukani isipokuwa mbele ya jengo jipya la kona, ambalo sakafu yake ilimwagwa kabla ya barabara kushushwa.

Uchambuzi: kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Kupotea kwa duka la kona kunastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu maelezo rahisi, kwamba mfanyabiashara alitanguliza fedha, hayaelezi chochote. Mtu huyo alikuwa na wajibu wa kisheria wa kujenga, muda unaohesabika, na tangazo la redio lililomwonyesha kwamba mlango utafungwa. Mtu mwenye busara katika nafasi yake angefanya karibu jambo lile lile. Tangazo lisilo na nguvu ya sheria lina ubaya wa pekee: linamwonya mwenye jengo bila kumzuia. Ama jengo litangazwe rasmi kwanza, ama mazungumzo yaanze kimya kimya. Katika kisa hiki njia ya kwanza ingechukua muda mrefu, kwani tangazo hupitia Wizara ya Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale na idara yake ya makumbusho, ambayo ina nchi nzima ya kuhudumia. Njia ya pili ilikuwa wazi tangu siku ya kwanza, na kuifuata kungetaka mjumbe mmoja tu aende dukani kunywa chai na kuomba kuuona mkataba.

Kilichofanya kazi zaidi kilikuwa kwa kiasi kikubwa nje ya uwanja wa historia. Mhandisi alibadilisha mchoro kwa sababu ya kimo cha kizingiti, Bodi ya Ardhi ilibadilisha sharti kwa sababu ya maneno katika fomu, na mwenye majengo alivumilia chokaa kwa sababu aliona lipu ya duka la dawa ikianguka. Wajumbe waliokuja na hoja ya urithi wa taifa walisikilizwa kwa heshima na hawakupata kitu. Sisemi hoja hiyo haina thamani. Katika mji ambao wengi wa waliojenga walifukuzwa, na wengi wa waliorudi walirudi kwenye magofu, swali la urithi wa nani lina majibu mengi, na kamati ilifanya vyema kutolazimisha jibu moja. Mtaro haukuhitaji jibu hilo.

Kuhusu ufundi, kisa kinaonyesha hatari ya kukarabati bila mfano. Kama duka la dawa lingekuwa la mwisho kukarabatiwa, mkandarasi angelifuata alichokiona kwa majirani. Lilikuwa la kwanza, na likawa somo ghali kwa mwenyewe. Miji inayoanza kazi kama hii ingefaa ijaribu mbinu zake kwenye ukuta mdogo wa nyuma, upande unaopigwa na mvua, na iuache ukuta huo upite angalau msimu mmoja kamili kabla ya kugusa ukuta wa mbele. Vijana waliojifunza kuzima chokaa kwa fundi mkongwe sasa wanaitwa kwenye kanisa na msikiti wa jirani, na hilo ni tunda ambalo halikupangwa.

Udhaifu uliobaki ni wa fedha na wa wamiliki wasiokuwepo. Kisheria raia wa kigeni hawezi kumiliki ardhi ya Uganda isipokuwa kwa mkataba wa upangaji usiozidi miaka 99, na mikataba ya warithi wengi walioko ng'ambo inakaribia kwisha. Wakati huo utakapofika kwa duka la tano, kiwanja kitarudi Bodini, na mkataba mpya utaandikwa na karani atakayechukua fomu iliyopo kabatini. Marekebisho yaliyokubaliwa kwa duka la sita yamo kwenye barua moja katika faili la duka la sita. Hayajaingizwa kwenye fomu ya kawaida ya Bodi, na wajumbe wawili kati ya waliokubali wamekwisha kumaliza muda wao. Kamati imeandika kuomba fomu ibadilishwe kwa viwanja vyote vya barabara ya mtoni, na ombi hilo liko kwenye ajenda ya kikao kijacho cha Bodi, likitanguliwa na migogoro kadhaa ya mipaka.